Siku Kumi Bandani kwa Mjomba

Najua nimepotea. Wengine mlidhani nimedisco, wengine mlidhani nimeolewa, tehe tehe. Hakuna kati ya hayo. UE zilinibana, nikabukua mpaka macho yakawa mekundu, halafu nilipomaliza tu mtihani wa mwisho Jumatano nikafunga begi. Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye basi natoka Iringa naelekea nyumbani Mbeya. Leo nimerudi hapa Mkwawa kujiandaa na TP, nimejifunika blanketi mbili, na mwenzangu wa chumbani ananiuliza kwa nini vidole vyangu vina alama za moto. Nimemwambia subiri, nitaandika mara moja usome na wewe, maana nimechoka kusimulia.

Kwa wale wa Dar na Tanga ambao baridi mnaijua kwa kuisikia: Juni na Julai huku Nyanda za Juu Kusini si utani. Iringa tunalia, lakini Mbeya wanalia zaidi. Basi likishapita Makambako unaona abiria wanaanza kufungua mabegi kutafuta masweta. Ukishuka Uyole jioni unaongea na mvuke unatoka mdomoni kama birika. Mama zetu wanauza viazi wamejifunga vitenge viwili viwili na juu yake koti la mitumba la mzungu fulani aliyekuwa mrefu kuliko wote. Ndiyo nyumbani hapo.

Sikwenda kupumzika. Mjomba alinipigia simu wiki moja kabla ya UE kuisha. Mjomba si mtu wa simu. Akipiga ujue kuna msiba au kuna kazi.

"Mwalimu," akasema (ananiita hivyo tangu nichaguliwe chuo, na mimi naona aibu), "ukimaliza hiyo mitihani uje unishikie tochi."

"Shikamoo Mjomba. Tochi gani tena?"

"Marahaba. Kijana wangu kaondoka, kaenda kuendesha bodaboda. Na nina kazi ya oda. Macho yangu jioni hayaoni vizuri."

Mjomba ni fundi baiskeli. Banda lake liko Uyole, karibu na pale barabara inapochepuka kwenda Tukuyu. Mabati mbele, mbao pembeni, na ndani kuna harufu ambayo nikiisikia popote duniani nitajua niko kwetu: grisi, mpira na moshi wa mkaa. Enzi nikiwa mtoto lile banda lilikuwa na mafundi wanne na foleni ya wateja. Wauza maziwa, wauza mkaa, wabeba viazi, walimu, wachungaji, wote walikuwa na baiskeli. Halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za Kichina zikamwagika, bodaboda zikawa ajira ya kila kijana, na foleni ikahamia kwa mafundi pikipiki. Mjomba hakuhama. Akabaki na kitu kimoja ambacho wengine hawakifanyi: baiskeli za oda.

Naomba nieleze, maana kuna watu wanadhani fundi baiskeli ni mtu wa kuziba pancha tu. Baiskeli ya oda haitoki dukani. Mteja anakuja na shida yake, anapimwa kama anavyopimwa suti, halafu Mjomba anakata bomba, anachomelea, anaunda. Muuza maziwa anataka fremu iliyoongezewa nondo na keria ya kubeba madumu pande mbili. Mzee mfupi anataka fremu iliyoshushwa ili mguu ufike chini. Mwenye mguu mmoja anatengenezewa pedeli ya kufungia. Na mara moja moja, baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, kwa mtu ambaye miguu haina nguvu.

Kazi aliyoniitia ilikuwa ya aina hiyo ya mwisho.

Ijumaa asubuhi nilipofika bandani nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi, na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili hivi amekaa juu ya tairi la gari. Miguu ya mtoto imekonda, imekunjwa pembeni kama ya mtu mwingine. Uso wake mchangamfu balaa. Nitamwita Dogo, kwa sababu ndivyo tulivyomwita bandani. Yuko darasa la sita. Tangu darasa la kwanza mama yake amekuwa akimbeba mgongoni kwenda shule, karibu kilomita tatu, kupanda na kushuka. Mwaka huu mama mgongo umegoma. Muhula uliopita Dogo alihudhuria siku chache kuliko alizokosa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ya wiki ya pili yake.

Nikahesabu: siku kumi. Na katika hizo Jumapili mbili, na Mjomba Jumapili hafanyi kazi, hata uje na dhahabu.

Tukampima. Mjomba ana kamba yenye mafundo, hatumii futi ya chuma kwa watu, anasema chuma kinawatisha na asubuhi kina baridi. Urefu wa mkono kutoka bega hadi ngumi. Kutoka nyonga hadi kidevu. Upana wa nyonga. Kisha akamwambia Dogo ashike mikono yake miwili na amsukume kwa nguvu zote. Dogo akasukuma mpaka Mjomba akarudi nyuma hatua moja. "Huyu ana injini," Mjomba akasema. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Malipo? Mama alitoa elfu arobaini na ahadi ya nusu gunia la viazi. Mjomba akasema inatosha. Mimi nilijua haitoshi hata vyuma. Nikanyamaza, si biashara yangu.

Sasa wadau, mimi nasoma Fizikia na Hisabati, na mnajua mtu wa mwaka wa pili alivyo. Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa mekanika kichwa kimejaa. Mjomba alipochukua gia ya mbele ya kawaida ya meno 44 ili aifunge kwenye mkono wa kuzungushia, nikamsimamisha. Nikachana mfuko wa saruji, nikapiga hesabu mbele yake. Baiskeli ya kawaida ya inchi 28, gurudumu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Gia ya mbele meno 44, ya nyuma 18, ina maana ukizungusha pedeli mara moja unakwenda kama mita 5.4. Kwa mapaja ya mtu mzima ni sawa. Kwa mikono ya mtoto, kwenye mlima wa Uyole? Hata tambarare atalia.

Nikapendekeza gurudumu la mbele la inchi 20, lenye mzunguko wa mita 1.6 hivi, mkononi gia ya meno 18, gurudumuni fraiwili ya meno 20. Mzunguko mmoja wa mikono, karibu mita 1.4. Utakwenda polepole, lakini utapanda.

Mjomba aliutazama ule mfuko wa saruji muda mrefu. Kisha akaukunja akauweka mfukoni. "Kumbe chuo mnajifunza vitu," akasema. Jamani, nilijisikia kama nimepewa shahada palepale. Na hiyo ndiyo iliyoniponza baadaye.

Niwaambie kidogo kazi ya chuma kwenye baridi inavyokuwa. Asubuhi saa moja spana imelala nje ya joto usiku kucha. Ukiishika inauma. Mjomba anawasha jiko la mkaa kwanza kabla ya kitu chochote, halafu anazipanga spana kuzunguka jiko kama mihogo. Grisi imeganda kama samli, unaikwangua kwa kijiti. Solusheni ya kuziba pancha haishiki kwenye chubu baridi, lazima chubu uipashe kwanza. Gololi ndogo za kwenye hab unazipanga kwa vidole vilivyokufa ganzi, moja inadondoka, mnatafuta nusu saa kwenye vumbi. Fito za kuchomelea zikiingia unyevu zinatoa weldi yenye vitundu vitundu kama maandazi, kwa hiyo nazo zinapashwa jikoni kabla ya kutumika. Alama za moto kwenye vidole vyangu ndiyo hizo. Nilishika fito upande usio wake. Mjomba akasema, "Sasa umesajiliwa."

Saa nne jua likitoka nyuma ya milima watu wanakuja kuota jiko, hawana baiskeli wala nini. Bandani panageuka kijiwe. Siasa, Simba na Yanga, bei ya viazi. Kila mmoja ana ushauri juu ya baiskeli ya Dogo. Mmoja akasema tuweke mwavuli. Mwingine akasema tuweke redio. Mzee mmoja Mnyakyusa, ambaye kila nikimpa chai ananiambia "ndaga fijo", yeye alisema neno moja tu: "Uzito usogezeni mbele." Mjomba akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa sijafikiria. Gurudumu linalovuta liko mbele, mtoto akikaa nyuma sana, mlimani litateleza kwenye vumbi bila kuvuta. Yule mzee hajasoma mekanika. Aliwahi kuendesha mkokoteni.

Siku moja nikamwambia Mjomba kwamba Moshi, pale KCMC, kuna chuo kinaitwa TATCOT wanafundisha kutengeneza viungo bandia na viti vya magurudumu, kazi rasmi kabisa yenye cheti. Akauliza, "Wanalala nao hao watoto wanaowatengenezea?" Nikasema hapana Mjomba, kwa nini walale nao. Akasema, "Basi nenda ukalale kwao Dogo siku moja kabla hatujachomelea. Uione njia." Nikaona ni mambo ya wazee. Kwao ni mbali, kuna baridi, na vipimo tulikuwa navyo vyote. Sikwenda.

Yeye mwenyewe angekwenda, lakini jambo moja lilikuwa linanishangaza. Mjomba anakaa Igawilo, na miaka yote alikuwa anakuja bandani kwa baiskeli. Wiki hiyo alikuja kwa miguu kila siku. Nikimuuliza anasema, "Baridi hii upepo wa baiskeli unaingia kifuani, bora nitembee." Nikaamini.

Mpaka Jumatano chombo kilikuwa kimesimama. Kilikuwa kizuri wadau, nawaambia. Magurudumu mawili makubwa ya nyuma ya inchi 28, moja dogo mbele, kiti cha mbao chenye godoro, mkono wa kuzungushia kifuani, na breki ya wenzo pembeni mwa kiti ambayo inakandamiza vipande vya tairi kuukuu kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, ili isivute upande. Upana wote, ukingo hadi ukingo, sentimita 86. Upana huo niliuchagua mimi, kwa hesabu. Chombo kipana hakipinduki. Nilikuwa na mchoro, mishale ya kani na kila kitu.

Alhamisi tukakipeleka kwao Dogo kwa majaribio. Tulikisukuma mimi na Mjomba, watoto wa mtaa mzima nyuma yetu kama harusi. Dogo akapandishwa. Akazungusha. Kikaondoka! Akapanda kile kilima cha kwanza taratibu, bila kusimama, huku watoto wanapiga kelele. Mama yake alikuwa amesimama na mikono kichwani. Mimi moyoni nasema, meno 18 kwa 20, jamani, fizikia.

Kisha tukafika mferejini.

Kuna mfereji wa maji ya kumwagilia unakata njia ya kwenda shule. Juu yake kuna kidaraja: magogo mawili na mbao zilizopigiliwa. Watu wanavuka, mbuzi wanavuka, baiskeli za kawaida zinavuka. Mjomba akapima kwa ile kamba yake. Sentimita 74.

Hakuna njia nyingine. Ya kuzunguka inapita barabara kuu yenye malori ya Zambia, na hakuna mama atakayempitisha mtoto pale.

Nilitafuta mahali pa kuangalia. Dogo akasema kwa upole, kama mtu anayekutetea, "Si mbaya dada. Nitafika mpaka hapa, halafu mama atanivusha." Na mama akasema ndiyo, ndiyo, hata hapa tu ni msaada mkubwa. Halafu tukabaki tumesimama. Kila mtu alijua chombo kizito kama kile mama hawezi kukibeba kukivusha, na kumbeba mtoto kuvuka bila chombo ni kumbeba mpaka shule.

Kurudi bandani Mjomba hakusema kitu. Ningefurahi angenigombeza. Nilipima mtoto mpaka kidevu, sikupima njia yake. Aliniambia nikalale kule nikaona ni ushamba.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama. Mama akasema, "Si ungemuuliza hata mtoto? Daraja analijua yeye." Nikaenda kulala bila kula.

Ijumaa asubuhi nikawahi bandani kabla ya Mjomba, nikawasha jiko mwenyewe. Nilikuwa nimekesha na daftari. Tukikata katikati ya fremu tukaondoa sentimita 18, upana unabaki 68. Inabaki nafasi ya vidole viwili kila upande darajani. Lakini chombo kikiwa chembamba kinapinduka kirahisi, kwa hiyo mtoto lazima ashuke chini. Nikapiga hesabu ya kitovu cha uzito: kama tunataka uimara uleule, tumshushe sentimita 13 hivi. Na tukimshusha, mkono wa kuzungushia nao ushuke. Maana yake tunakata karibu kila kitu.

Mjomba akafika, akasikiliza, akauliza swali moja tu. "Akishuka hivyo, atafikia dawati?"

Sikujua. Nikasema, "Nakwenda kumuuliza." Nikaenda mbio, kilomita zote hizo na baridi ile. Dogo akaniambia darasani huwa anakaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, mbele kabisa, kwa sababu madawati yamebana. Halafu akaniambia na mlango ulivyo, kwa kuonyesha mikono. Nikakimbia hadi shuleni. Ilikuwa imefungwa, lakini mlinzi alikubali nipime mlango: sentimita 80. Hata ule wa 86 usingepita. Yaani hata kama daraja lingekuwa pana kama barabara, ningemfikisha mtoto mlangoni na kumwacha nje. Nilikaa pale kwenye ngazi ya darasa nikacheka peke yangu, mlinzi akanitazama vibaya.

Tukaanza kukata saa tano. Msumeno wa mkono, maana grinda tuliazima na mwenyewe akaitaka. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumeshikiza upande mmoja, umeme ukakatika. Tukasubiri mpaka saa tatu usiku kuzunguka jiko. Haukurudi. Usiku ule baridi ilikuwa inapita kwenye mbao kama maji. Mjomba akaniambia niende nyumbani, nikakataa, akatoa koti lake akanipa, nikakataa, akasema "Mwalimu, vaa", nikavaa.

Ili tusilale tukaanza kufungua magurudumu ya nyuma kuyasafisha hab, nikamulika kwa tochi ya simu. Ndiyo sababu niliyoitiwa hasa, kushika tochi. Na pale kwenye hab ya gurudumu la kushoto, ndani, nikaona kipande cha mkanda.

Wale mliokulia kwenye baiskeli mnajua. Watu hufunga kipande cha ngozi au mkanda kwenye hab, kinazunguka chenyewe kikiisugua, hab inang'aa daima. Ule mkanda ulikuwa wa bluu, umechakaa, una tundu la kifungo. Ni wa begi langu la darasa la kwanza. Begi lilipochanika nilikata mkanda nikaufunga mwenyewe kwenye baiskeli ya Mjomba, nikiwa na miaka saba, na yeye akanisifu kwamba nimefanya ufundi.

Baiskeli ile ilikuwa Swala, zile zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam enzi za viwanda vya umma. Aliinunua akiwa kijana. Kwenye keria yake nilikwenda shule ya msingi miaka mitatu. Nilipochaguliwa kidato cha tano ndiyo iliyobeba godoro na sanduku langu mpaka stendi. Kila mtu alimtania aitupe anunue Phoenix, au anunue pikipiki kama wenzake, yeye anasema Swala rimu zake ni nzito, hazipindi.

"Mjomba," nikasema, "hii si Swala?"

Akaendelea kufuta gololi. "Elfu arobaini ingenunua rimu gani? Zile mpya zinapinda mwezi mmoja. Kule kuna mawe."

"Na wewe?"

"Mimi nina miguu."

Sikuwa na la kusema. Nikaendelea kumulika. Akaongeza, kama mtu anayeeleza bei ya spoku, kwamba baiskeli ni ya kumpeleka mtu, na yeye hana tena mtu wa kumpeleka shule. Basi. Tukafungua gurudumu la pili.

Umeme ulirudi alfajiri ya Jumamosi. Tukachomelea mpaka saa saba mchana. Rangi ikawa kesi nyingine, kwenye baridi ile haikauki, unaigusa inabaki kidoleni. Tulining'iniza fremu juu ya jiko kama nyama ya kukausha, tukaigeuza geuza mpaka usiku. Na Jumapili, baada ya ibada, Mjomba alikuja bandani na suti yake ya kanisani akafunga magurudumu. Wazee wa kijiweni walipita wakasimama kushangaa. Mmoja akasema, "Fundi, leo Jumapili." Mjomba akajibu, "Naijua."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mferejini, mimi, Mjomba, mama na Dogo na sweta lake la shule. Ukungu umelala, nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande uliokaribia kuwa barafu. Dogo akasimama mbele ya daraja akafunga breki. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Mjomba akataka kushika nyuma, Dogo akasema, "Babu, usishike." Akavuka. Vidole viwili huku, vidole viwili kule, mbao zinalia. Alipofika ng'ambo hakugeuka kutuangalia, akaendelea kuzungusha, sisi ndio tuliokimbia kumfuata.

Mlangoni mwa darasa alipita. Lakini akiwa amekaa mle chomboni, mstari wa chini wa ubao alikuwa hauoni vizuri kwa sababu ya meza ya mwalimu. Mwalimu akaisogeza meza. Nusu dakika. Nilifikiria ni walimu wangapi wasingeisogeza, na nikajiuliza mimi ningekuwa yupi.

Semina za elimu maalumu tunazifanya, tumesoma Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, naweza kuwatajia haki ya elimu imesemwaje. Hapa Iringa wengi wetu tumeshakula pale Neema Crafts, ule mradi wa kanisa Anglikana ulioanza 2003, ambapo wahudumu ni viziwi na unaandika oda yako kwenye karatasi. Tunatoka pale tumefurahi, tunaona tumeelewa. Mimi nilijiona nimeelewa. Halafu sentimita 12 zikanionyesha.

Wiki ijayo naripoti TP, nimepangiwa shule moja Kilolo, baridi tupu. Maandalio yangu ya somo ya wiki mbili za kwanza nilikuwa nimeshayaandika kabla ya UE, mazuri, yenye rangi. Jana nimeyasoma tena. Yana kila kitu isipokuwa watoto wenyewe, maana sijawaona. Sijayachana, msinielewe vibaya, kuyaandika upya ni kazi! Ila nimeacha kurasa wazi mwanzoni. Siku ya kwanza nitauliza nani anatoka wapi na anapita wapi.

Mjomba nilimwachia kiasi kilichobaki kwenye bumu langu, elfu thelathini. Alikataa. Nikaiweka kwenye kopo la gololi nikaondoka. Kesho yake akanitumia ujumbe, kwa herufi kubwa zote kama anavyoandika: "MWALIMU KOPO LA GOLOLI SI BENKI. DOGO ANAFIKA. CHENI ILIKATIKA MARA MOJA NIMEUNGA. BARIDI KALI."

Bado anatembea kutoka Igawilo mpaka Uyole, kwenda na kurudi, kila siku isipokuwa Jumapili.

Sasa wadau, ombi. Bumu likitoka nina nia ya kununua magurudumu mawili ya inchi 28, ya zamani, yenye rimu nzito zisizopinda. Fremu ya Swala ipo, imening'inizwa ukutani bandani haina kitu. Kama kuna mtu kwao kuna Swala imelala stoo, babu haendeshi tena, panya wanacheza nayo, tafadhali anitafute. Nipo bweni la wasichana, au ukinikosa muulize yeyote yule dada mwenye vidole vya moto.

Hab zikija na mkanda, msiutoe.